Nani aliyeziunguza pua za wazee mnadani Karatu?

Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya mnada wa Karatu, Antonia Qamara amepiga magoti mbele ya jiwe lake la kusagia huku ameutoa ulimi nje. Juu ya ulimi huo kuna punje ya magadi. Anahesabu kimoyomoyo. Anapofika tano uso unamkunjamana, anatema, anasukutua kwa maji, kisha anatoa hukumu.

"Haya yana nguvu. Leo sita kwa moja."

Yaani vijiko sita vya unga wa tumbaku kwa kijiko kimoja cha magadi. Kesho, akifungua gunia jingine, huenda ikawa nne kwa moja, au hata nane. Hana mizani wala hajawahi kuitamani.

Antonia, mwenye umri wa miaka 54, ni mkulima wa kata ya Baray na amesaga ugoro kwa miaka thelathini na mmoja. Wateja wake wakubwa ni wazee wafugaji kutoka Ngorongoro, watu wasionusa ovyo. Tumbaku analima mwenyewe. Majani ya chini ya mche, ambayo ni mepesi, anatia konzi tatu. Ya juu, makali, konzi moja tu.

"Ukizidisha ya juu, mzee anapata kizunguzungu mbele ya ng'ombe wake. Ukizidisha ya chini, anakwambia umemuuzia vumbi," anasema.

Leo hasagi kwa amani. Anasaga kwa hasira, na jiwe linasikika hadi kwa wauza mitumba.

Chanzo ni Vedasto, mfanyabiashara wa mjini. Mwezi uliopita alifika nyumbani kwa Antonia, akakaa kwenye kigoda asubuhi nzima, akanywa uji vikombe viwili na kuhesabu vijiko. Siku ile magadi yalikuwa yamekwanguliwa ukingoni mwa Ziwa Eyasi pamoja na udongo wake, dhaifu kama chai ya bweni. Antonia akachanganya nne kwa moja. Mgeni akaandika, akashukuru, akaaga kwa adabu zote.

Wiki mbili baadaye vikopo vyekundu vya plastiki vilitapakaa madukani, vimebandikwa karatasi yenye maneno "Ugoro wa Mama Antonia". Ruhusa ya kutumia jina hilo Vedasto hakuiomba. Kipimo kilikuwa kilekile, nne kwa moja. Magadi ndiyo hayakuwa yaleyale: Vedasto alinunua mabonge meupe ya Engaresero, kando ya Ziwa Natron, yasiyo na hata chembe ya udongo.

Kilichozipata pua za wazee hakihitaji mkemia kukieleza: ziliungua.

Katika mnada uliopita Antonia aliuza ugoro wa shilingi elfu sita, wakati kwa kawaida hapati chini ya elfu arobaini. "Watu walipita mbele yangu wameshika pua, kama wanapita chooni," anasema. "Mimi, ambaye sijawahi kumuunguza mtu."

Saa tatu anatokea Mzee Sitonik, mteja wake wa miaka kumi na minane. Leo hakai. Anaweka kikopo chekundu juu ya turubai na kueleza, taratibu, kwamba kwa siku nne hakusikia harufu ya kitu chochote, hata ya mvua.

"Yeyo," anasema, akimwita mama kwa Kimaasai, "tumekukosea nini?"

Swali hilo linamuuma Antonia kuliko tusi. Anafungua kikopo, anagusisha ulimi, na hafiki hata mbili. Anainuka na kwenda moja kwa moja kwenye meza ya Vedasto, hatua thelathini kutoka hapo. Nyuma yake yupo Sitonik, na nyuma ya Sitonik ipo nusu ya mnada.

Vedasto haoni alipokosea. "Mama, nilihesabu kwa macho yangu. Nne kwa moja. Kama ni kosa, basi ni kosa lako."

"Vijiko ulihesabu," Antonia anamjibu. "Magadi uliyaonja? Uliniuliza yametoka wapi?"

Hakuonja, na hakuuliza. Akibanwa zaidi anakiri kwamba yeye mwenyewe hanusi ugoro, eti una madhara.

Umati unaguna. Mzee Sitonik anamsogezea kikopo. Vedasto anatazama kulia, anatazama kushoto, anaona shuka na fimbo pande zote, na ananusa.

Muuza viazi wa jirani anahesabu chafya kumi na moja. Watu wanashikana mabega kwa kicheko, lakini Antonia hacheki. Anamwamuru abandue karatasi zote zenye jina lake, na Vedasto anabandua, kikopo baada ya kikopo, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni.

Hata hivyo Sitonik hanunui. Anasema jambo halijaisha. Mzee mwenzake, Lomayani wa Endulen, alinusa kikopo kama hicho katikati ya mazungumzo ya mahari ya mwanawe, machozi yakamtoka mbele ya wakwe. Sasa wakwe wanasema hawawezi kumtoa binti yao kwa ukoo wa mwanamume anayelia, na Lomayani hatoki tena nje ya boma lake.

Antonia anaanza kufunga mizigo, ingawa jua bado halijafika utosini.

Jumatano, anasema, atapanda gari la Endulen. "Nitasimama mbele ya hao wakwe niwaambie mzee huyu hakulia, alichomwa. Na Vedasto nitakuwa naye. Asipotaka kusema, atanusa tena."