Glavu Nyeupe za Fundi Vidosava

Mimi hupiga ngoma kubwa katika bendi ya tarumbeta, na harusi nimezipigia mpaka kabichi ya sherehe imenikinaisha. Lakini ile ya mtoto wa kiume wa Radisav, haki ya Mungu, nikiikumbuka mikono inaniwasha.

Radisav ana dada, Vidosava, fundi magari. Ufundi aliupata katika karakana ya matrekta ya ushirika, na ushirika ulipokufa akahamishia spana zake kwenye banda lake la kukaushia plamu. Nusu ya magari ya milima yetu yanatembea kwa sababu yake. Kaka mtu akimwonea haya! Asubuhi ya harusi nilimsikia kwa masikio yangu akisema naye huku akimpa glavu nyeupe.

"Dada, vaa hizi, ufiche hivyo vidole. Wakwe ni watu wa mjini, nimewaambia wewe ni mshonaji. Ukishika spana leo, usinijue."

"Sishiki hata msumari, kaka," alijibu, akazivaa. Niliumia kwa niaba yake.

Bibi harusi, Tijana, tulimchukua kwao vizuri. Kwetu msafara haurudi kwa njia uliyoendea, ni mkosi, kwa hiyo tukarudi kwa barabara ya mlimani: jabali huku, bonde kule, na upana wa gari moja tu. Gari la bibi harusi lilitangulia. Tulipofika kwenye mpando mkali zaidi, likafoka mvuke na kusimama. Hakuna wa kulipita! Na kurudi kinyumenyume ni kumrudisha bibi harusi kwao, huku padri anasubiri kanisani.

"Lakini niliziba!" alilia Miloje, binamu yao, mpishi wa pombe ya plamu. "Asubuhi mpira wa rejeta ulikuwa unadondosha pale kwenye maungio."

"Uliziba na nini?" aliuliza Vidosava.

"Na unga, dada. Donge zuri, kama ninavyoziba mfuniko wa mtambo wangu."

"Miloje, umepikia watu mkate kwenye injini!"

Tulicheka mpaka machozi. Kisha wote tulimtazama Vidosava. Yeye alimtazama kaka yake. Radisav alilitazama bonde, na wakwe walikuwa wameshaanza kushuka magarini.

Tijana akatoa kichwa dirishani, shela likipepea. "Shangazi! Mchumba wangu kaniambia zamani kwamba fundi ni wewe. Tutengenezee basi, mie kwetu sirudi!"

Ah, nilitamani kupiga ngoma palepale! Vidosava alizivua glavu polepole, akamkabidhi kaka yake. "Nishikie."

"Mtu asiguse mfuniko wa rejeta mpaka ipoe," aliamuru. Ilipopoa, alilegeza klipu ya chuma iliyoubana mpira kwa ncha ya kisu, akauchomoa mpira, akakwangua ule unga wote. Ncha ya mpira ilikuwa imechanika. Akaikata, akapangusa shingo ya rejeta, pale mpira unapovikwa, kwa upindo wa gauni lake la hariri, kisha akausukuma mpira mpaka ukavuka tuta dogo linaloizunguka ile shingo. Klipu akaifunga nyuma ya tuta.

"Ikikaa mbele yake, mpira unachomoka," alimwambia Miloje. "Na unga uache nyumbani."

Maji yalikuwepo kwenye chemchemi kando ya barabara, vyombo ndio hatuna. Basi pombe ya Miloje ikamwagwa nyasini, chupa baada ya chupa, na wanaume wazima wakaguna kama wako msibani. Gari likajazwa maji, likawashwa, tukainama wote kutazama. Hata tone halikudondoka! Tarumbeta zikalia, nami nikaitwanga ngoma mpaka jabali likaitikia.

Padri tulimkuta bado yupo. Baadaye uani kwa Radisav mduara wa densi yetu ya kolo ukaanza, watu wameshikana mikono. Vidosava alibaki ukutani, mikono nyuma.

Baba yake Tijana akauliza, "Bwana Radisav, ndiye yule mshonaji?"

Radisav akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nilikudanganya, mkwe. Ni fundi magari, na ni dada yangu, tumbo moja."

Akamfuata dada yake ukutani, akaushika ule mkono mweusi kwa grisi. Vidosava akauvuta. "Kaka, nitakuchafua. Nipe glavu zangu kwanza."

"Zimepotea," alisema Radisav, akamwingiza katikati ya mduara, huku kidole kimoja cheupe cha glavu kikichungulia mfukoni mwake.