Mimba Yangu, Miguu ya Kiprono

Sista wa kliniki sina macho ya kumwangalia tena. Wakati huu wa corona alituweka sisi wajawazito kwa grupu ya WhatsApp, tutembee kila asubuhi, simu zikimwonyesha tumefika wapi. Mimi, mvivu wa mtaa wetu mzima wa West Indies, nikampa jirani yangu Kiprono, mwanariadha, simu yangu akimbie nayo. Nikarudi kulala.

Sista alinisifu mpaka wenzangu wakaniomba ushauri. Nami bila haya nikawaandikia: "Anzeni polepole, mtazoea."

Jana asubuhi mlango ukagongwa. Kufungua, ni Sista, barakoa usoni, simu mkononi.

"Mama! Simu inaonyesha unakimbia barabara ya Moiben! Na hiyo tumbo! Nimekupigia hushiki, nikaja kuuliza watu wa kwako!"

"Nimerudi sasa hivi, Sista," nikasema, mandazi mdomoni.

Akaangalia nguo yangu ya kulala. Kabla aseme kitu, Kiprono akaingia geti akihema, simu yangu imefungwa kwa mkono wake.

"Mama, leo tumeenda mbali! Lakini huyo Sista wako anatusumbua. Amepiga njia yote."