Niliweka spana ya kurekebishia bomba la maziwa, mama yangu akasimamishwa kazi

Wakuu, habari za mchana.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa msomaji wa kimya humu, nikicheka makosa ya watu huku nikinywa chai yangu. Leo naleta la kwangu mcheke nyinyi. Kila kitu nitakachoandika kilitokea. Nilichobadilisha ni majina tu, kwa kuwa bado naishi na hawa watu.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, uhandisi wa mitambo. Nyumbani ni vilimani juu ya Othaya, kule ambako ukidondosha kiazi mlangoni unakifuata mpaka kwa jirani. Tuna chama cha wakulima chenye deiri ndogo: watu wanaleta maziwa asubuhi, yanapimwa, yanapozwa kwenye tangi, halafu lori la mnunuzi linayachukua.

Anayepima ni mama yangu. Mama Kariuki. Kariuki ndiye mimi.

Kazi yake ni kuchota maziwa kidogo kutoka kila mkebe, kuyachanganya na spiriti na kutazama kama yanagandamana. Yakigandamana, yameanza kuchacha, na mkebe unarudi nyumbani. Amemrudishia pasta. Amemrudishia dada yake mwenyewe, Jumapili ya mtoto wake kubatizwa. Watu wanamwogopa, na wanamwamini kwa sababu hiyohiyo.

Sasa twende kwenye bomba.

Sehemu ya kupokelea maziwa iko upande mmoja wa jengo, na tangi la kupoza liko upande wa pili. Katikati ni njia ambapo watu hupita na mikebe, kwa hiyo bomba haliwezi kupita chini. Linapita juu, mita kumi na nne, chini kidogo ya dari. Pampu inasukuma maziwa yapande, na mwisho wa bomba kuna mpira laini unaoyateremsha ndani ya tangi.

Jambo moja tu ni la lazima, na naomba mlishike: bomba hilo lazima liiname. Pampu ikizimwa, kilichobaki ndani kiteremke chenyewe hadi tangini. Maziwa hayarudi nyuma, kwa sababu karibu na pampu kuna valvu inayoyazuia. Yasipoteremka, yatalala humo, na maziwa yaliyolala bombani hayaamki yakiwa maziwa, na ya kesho yake yatayasukuma tangini.

Zamani bomba lilikuwa limefungwa kwa waya na vipande vya tairi. Lilikuwa na tumbo katikati kama mzee aliyestaafu vizuri. Chama kikatafuta mtu wa kulirekebisha, na mama yangu akasimama mkutanoni akasema, "Kijana yangu anasomea hayo mambo. Mumpatie."

Hiyo ndiyo sentensi iliyonileta humu.

Mtu wa kawaida angeshughulika siku mbili. Mimi nilichukua wiki saba. Nilibuni hanga za kurekebishika: juu kuna chuma kilichofungwa kwenye boriti, kutoka hapo inashuka fimbo yenye nyuzi, chini yake kuna klampu yenye mpira inayokumbatia bomba. Ukizungusha nati, bomba linapanda. Ukiizungusha kinyume, linashuka. Hanga nane, moja kila mita mbili.

Nilipiga hesabu ya uzito wa bomba likiwa tupu, likiwa limejaa, na likiwa limejaa huku tetemeko la ardhi likitokea. Othaya.

Mwinamo niliouchagua ulikuwa sentimita moja kwa kila mita. Maana yake, kutoka pampu hadi tangi, bomba lilishuka sentimita kumi na nne. Liweke hilo akilini.

Aliyenitengenezea vyuma ni fundi Mutiso, ambaye karakana yake iko Sagana. Alitazama michoro yangu, kurasa kumi na moja zenye rangi, kwa muda mrefu na kwa heshima. Kisha akauliza, "Injinia, hii fimbo mbona ina nyuzi mingi hivi? Unataka kupandisha bomba mpaka mbinguni?"

Nikamweleza kwamba mbunifu mzuri humwachia mtumiaji nafasi ya kutosha. Nilikuwa nimeweka nyuzi za sentimita ishirini, ilhali sentimita tatu zingetosha kabisa.

Akasema, "Mimi ningechomelea. Ukishachomelea, hakuna mjadala."

Nilimhurumia, wakuu. Kweli nilimhurumia. Nilirudi nyumbani nikaandika katika tasnifu yangu aya nzima kuhusu mafundi wasioelewa thamani ya urekebishaji.

Siku ya kufunga tulitumia mpira uliojazwa maji, ule wa mafundi, kupima mwinamo. Kila nati ilipofika mahali pake niliiwekea alama ya rangi nyekundu, nusu kwenye nati, nusu kwenye fimbo, ili ikisogea ionekane. Maziwa yakapita, pampu ikazimwa, bomba likajimwaga lenyewe hadi tone la mwisho. Mama alisimama chini akitazama juu, mikono kwenye aproni. Siku hiyo nilipewa paja la kuku.

Hapo ningerudi chuoni. Lakini mimi si mtu wa kuacha kitu kikiwa kizuri.

Nilinunua spana ya saizi ileile ya nati. Nikaifunga kwa mnyororo mwembamba ukutani. Juu yake nikabandika karatasi iliyofunikwa kwa plastiki, yenye mishale miwili na maandishi makubwa: KAZA KUPANDISHA, LEGEZA KUSHUSHA.

Mkumbuke hiyo karatasi ni ya nani.

Miezi miwili baadaye chama kikapata habari ya wageni. Watu waliokipa chama tangi la kupoza walikuwa wanakuja kutoka Nyeri mjini kuliona, pamoja na mpiga picha. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Githaiga, ni mwalimu mkuu mstaafu. Katika maisha yake yote hakuna kitu kilichowahi kupinda mbele yake kikabaki salama. Aliagiza dari mpya, nyeupe, mbao zimenyooka kama mistari ya daftari.

Na chini ya dari hiyo iliyonyooka, likapita bomba lililoshuka sentimita kumi na nne.

Mimi nilikuwa chuoni. Haya niliyajua baadaye. Wageni walikuja Alhamisi, wakapiga picha, wakala, wakaondoka. Ijumaa nikafika nyumbani kwa mapumziko. Jumamosi asubuhi lori la mnunuzi likaja, dereva akapima tangi, akakunja mpira wake akaondoka. Tangi zima lilikuwa limechacha. Yale maziwa yalimwagwa mtaroni, na mbwa wa soko lote walihudhuria.

Mchana kamati ikakaa. Bomba ni jipya, limetengenezwa na msomi. Tangi ni jipya. Kwa hiyo aliyebaki kuwa mbovu ni binadamu. Ikasemwa kwamba Mama Kariuki amepokea mkebe uliochacha kutoka kwa rafiki yake wa kanisani. Akaambiwa akae nyumbani "apumzike" hadi mkutano wa Alhamisi, na deiri ikafungwa mpaka siku hiyo.

Wakuu, hapa ndipo sina utani.

Mama aliendelea kuamka saa yake ileile. Alifunga aproni. Halafu alikaa jikoni nayo, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuipeleka. Wanawake walipita na mikebe yao barabarani kwenda kuuza sokoni, wakisalimu haraka kuliko kawaida. Baba alisema maneno mawili matatu kuhusu hali ya hewa, akaenda kukata nyasi ambazo zilikuwa zimeshakatwa.

Na mimi? Mimi nilifungua kompyuta.

Kuanzia Jumapili mpaka Jumatano, siku nne, nilitafuta kosa ndani ya hesabu. Nikachunguza kama boriti imevimba kwa unyevu wa mlima. Nikachunguza kama mpira wa klampu umelegea kwa joto la maji ya kuoshea. Nilitengeneza jedwali. Nilipaka jedwali rangi. Kila mara hesabu ilisema bomba liko sawa, na kila mara nilirudia, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kufanya jambo la pekee lililohitajika: kutembea dakika kumi kwenda kuangalia.

Niliogopa kwamba ni mimi. Mradi sijaangalia, ilikuwa bado ni nadharia.

Alhamisi asubuhi Mutiso akapiga simu. Habari ilikuwa imemfikia hadi Sagana. Hakunisalimia kwa kirefu.

"Injinia, nimesikia ya mama. Umeangalia juu?"

"Bado nafanya uchambuzi."

"Ai. Si uinue tu kichwa?"

Nikaenda. Nikainua kichwa.

Bomba lilikuwa zuri ajabu. Limenyooka sambamba na dari, kama limechorwa kwa rula. Nusu za alama zangu nyekundu zilitazama kila upande isipokuwa upande wa wenzao. Nikapima: dari yenyewe ilikuwa imepanda kidogo, na mwisho wa bomba ulikuwa juu ya mwanzo kwa sentimita mbili.

Kwa nyinyi mlio na tabia ya kuhesabu: ili kulinyoosha lile bomba, nati zilizungushwa si chini ya mara mia tatu na sabini. Mtu alikaa juu ya ngazi mchana mzima kufanya hivyo. Nilitaka sana kukutana na mtu mwenye subira hiyo.

Nilikutana naye saa nane, kwenye mkutano, palepale deiri. Alikuwa ndiye anayeuongoza.

Niliposema bomba limesogezwa, Mwalimu Githaiga hakushtuka hata kidogo. "Halikusogezwa, lilinyooshwa. Nililinyoosha mwenyewe siku moja kabla ya wageni, mweka hazina akinishikia ngazi. Ilikuwa imelala kama mlevi. Ulitaka nipige picha na kitu kama hiyo?"

Sikubishana. Nilimwomba mtu ndoo, nikapanda ngazi, nikafungua ule mpira wa mwisho na kuinamisha bomba. Kilichotoka kilitoka kwa vipande. Harufu ilifika viti vya nyuma kabla sijashuka. Tasnifu yangu ina kurasa mia na kumi, na hakuna hata moja iliyowahi kueleweka haraka hivyo.

Kisha nikafanya kosa la kuendelea kuongea. Nilisema kwamba tatizo, kitaalamu, ni hitilafu ya mtumiaji.

Mwenyekiti akavua miwani. "Kariuki. Hiyo spana nilikuja nayo kutoka kwangu?"

Watu wakaanza kucheka taratibu.

"Na ile karatasi ya mishale, ni mimi niliandika? Mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Ilisema kaza kupandisha. Nikakaza, ikapanda. Hitilafu iko wapi?"

Wakuu, nimetetea kazi yangu mbele ya maprofesa watatu. Hakuna aliyewahi kunifunga mdomo hivyo.

Mama alikuwa amekaa mstari wa pili. Alinyanyuka, na kicheko kikakatika.

"Mimi niliona imenyooka," alisema. "Siku ya wageni asubuhi niliiona. Nikasema ni Kariuki amekuja kumaliza kazi yake, sikuuliza."

Halafu akanigeukia.

"Umejua lini?"

"Leo asubuhi, mama."

"Na ulienda kuangalia lini?"

"Leo asubuhi."

Alitikisa kichwa polepole, kama anavyotikisa akiona chupa ya kipimo imegandamana. "Siku nne nimekaa na aproni kwa nyumba, na wewe uko chumba ya pili unabonyeza."

Akaketi tena.

Mkutano ukamrudisha kazini papo hapo, na mwenyekiti, lazima niseme ukweli, alimwomba radhi akiwa amesimama. Ikaja hoja kwamba Mutiso aitwe achomelee kila kitu tumalize mjadala. Mimi mwenyewe niliinua mkono kuunga, nikiwa na aya nzima ya kufuta. Mama akakataa. Akasema boriti za mbao hushuka na mvua, na bomba likipata tumbo tena wataanza upya na waya na tairi.

"Itarekebishwa," alisema. "Lakini mniletee hiyo spana."

Mnyororo ukakatwa. Karatasi yangu ya mishale ikabanduliwa na kutumiwa kuwashia jiko. Mutiso alikuja akapunguza fimbo, akaongeza nati ya pili ya kufunga ile ya kwanza, na hakusema "nilikuambia" zaidi ya mara sita. Spana inakaa kwenye mfuko wa aproni ya mama, pamoja na chupa ya spiriti.

Nilichojifunza ni kifupi kuliko tasnifu: ukibuni kitu kinachorekebishika, kazi haijaisha mpaka useme ni nani anayeruhusiwa kurekebisha, na huyo awe yule atakayelaumiwa kikiharibika. Mimi nilibuni nati vizuri na nikampa kila mpita njia mkono wa kuizungusha. Na kama kuna mtu wako anayeumia kwa kitu ulichokitengeneza, nenda kaangalie kwanza. Hesabu itakusubiri.

Wiki iliyopita nilihitaji kipimo kimoja cha mwisho kwa ajili ya chuo. Nikaenda deiri, nikamwomba mama spana, nikamweleza ni robo ya mzunguko tu, kwenye hanga ya tatu, na nitairudisha mahali pake.

Alimaliza kupima mkebe uliokuwa mbele yake. Akaurudisha kwa mwenyewe. Ndipo akaniangalia.

"Uko na ruhusa ya nani?"

Bado natafuta jibu. Mafundi, wahandisi, na nyinyi wenye mama wanaofanya kazi chini ya bomba zenu, karibuni mniseme. Mwenye picha ya hanga aliyoiharibu kwa elimu yake na aiweke hapa. Nisiwe peke yangu.