Siku Buda Alipotuacha

Kwetu mtaani Jericho, mtu wa kupenda roki alihesabiwa pamoja na wagonjwa. Vijana wengine walikuwa wa rege na Lingala, muziki wenye kiuno. Sisi wa roki tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu mmoja mrefu kutoka Donholm, na mwingine wa nyumba za nyuma aliyefuga nywele mpaka mama yake akamnyoa akiwa usingizini. Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne, na wao ndio waliokuja kwetu kila mara, kwa sababu redio kaseti ilikuwa kwetu, na pia kwa sababu mimi sikuwa mtu wa kutoka. Nikitumwa chumvi dukani nilirudi nikihema kama niliyetoka safari.

Mwanamuziki wetu alikuwa mzungu mpiga gitaa, mwenye sauti ya mtu anayelalamika akiwa ndani ya pipa. Alianza kupiga kabla hatujazaliwa, ndiyo maana tukamwita Buda, vile vijana wa mtaani wanavyomwita baba. Kanda yetu ilinakiliwa kutoka kwa kanda iliyonakiliwa kwingine, na katikati ya wimbo wa tatu jogoo wa mtu anawika. Kwa miaka niliamini jogoo yumo kwenye wimbo. Nilimsifu sana.

Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba amefariki. Mchana wenzangu wakaja bila kuitwa. Mama alikuwa sokoni akiuza nyanya, baba kazini kwenye karakana ya reli. Yule mrefu akaketi mlangoni akilia kweli, kamasi na yote. Jirani yetu, kiongozi wa akina mama wa kanisa, alikuwa anaanika nguo.

"Kijana wangu, kuna nini?"

"Buda ametuacha, mama. Sijui tutaishi vipi."

Niliyasikia hayo nikiwa ndani nabadilisha betri. Kabla sijafika mlangoni, beseni lilikuwa chini, nguo kwenye matope, na yule mama, mikono kichwani, ametoa lile yowe la kwao magharibi linalovuka mitaa miwili bila kupumzika. Kisha akakimbia kuelekea sokoni.

"Umemwambia nini?"

"Ukweli!"

"Buda gani, wewe? Huyo amesikia baba yangu!"

Nikatoka mbio na patipati mguu mmoja. Nilitaka nimfikie mama kabla ya habari, lakini habari ilikuwa na miguu mizuri kuliko yangu. Halafu watu wenyewe hawakuniacha nipite. Mzee wa kwanza akanishika mkono kwa mikono yake miwili: "Pole. Jikaze, sasa wewe ndiye mwanamume wa nyumba." Nikamwambia baba hajafa. Akatikisa kichwa, akanishika zaidi. Mkono wa pole huwezi kuukata. Nikawa natoka kwa mmoja naingia kwa mwingine.

Nilipofika, mama alikuwa ameketi chini kati ya nyanya zake, wanawake wamemshika mabega.

"Mama, baba mzima! Aliyekufa ni mzungu!"

"Mzungu gani?"

"Wa gitaa!"

Wanawake wakatazamana. "Ni mshtuko," mmoja akasema. "Mpeni maji."

Mama akasimama, akafunga leso kiunoni. "Nitaamini nikimwona."

Nyumbani tukakuta mabenchi yametolewa nje, sukari na majani ya chai vimeletwa, nyimbo zimeanza. Wenzangu wawili wameketi katikati kama wafiwa wakuu, hawathubutu kuinuka. Mama akaketi akitazama barabara. Hakulia, na nilipomletea maji hakuyaona.

Mimi nilijua vizuri ni nani amekufa. Lakini wafanyakazi wa reli wakaanza kurudi, mmoja mmoja, na kila aliyepita bila baba alinipunguzia ujuzi huo. Asubuhi baba aliondoka nimelala. Sikuwa nimemwona. Nilienda barabarani, nikarudi, nikaenda tena. Nikakaa, benchi likanichoma, nikainuka. Siku hiyo nilitembea kuliko mwaka mzima.

Jua lilikuwa linazama baba alipotokea, gazeti kwapani. Alipoona watu akavua kofia, akaanza kusalimia kwa heshima kuanzia benchi la mwisho. "Poleni sana. Poleni. Ni nani?"

Nyimbo zikafa. Mama akainuka.

"Ni wewe."

Akamshika mabega, akamshika masikio, akambonyeza mashavu vile anavyochagua nyanya kwa wenye shamba. Halafu akampiga ngumi kifuani. "Umechelewa wapi?"

"Kwa fundi wa viatu," baba akasema, kofia mkononi. "Kwani nimefanya nini?"

Ndipo mama akalia.

Yule jirani hakutaka chai iharibike wala watu watawanyike bure. Akatuinamisha vichwa, akashukuru kwa uhai wa baba, kisha akapumua. "Na yule mzungu wa vijana hawa, Bwana, umpokee yeye na kelele zake." Wenzangu waliitikia amina kwa sauti iliyoipita kwaya nzima.

Asubuhi iliyofuata mama alimsindikiza baba mpaka kituoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu waoane. Niliwatazama dirishani. Baba alitangulia kwa hatua kadhaa, shingo ngumu, kama mtu asiyemjua anayemfuata. Walipofika kwenye kona akasimama, akamngoja.