Nyama Iliyorudishwa

Dada yangu alipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Watamu mwanzoni mwa miaka ya themanini, na Idd ya kwanza baada ya hapo alirudi nyumbani Malindi akiwa amekonda. Hakuwa mgonjwa. Macho yaling'aa, ila mashavu ndiyo yaliyokuwa yameondoka. Asubuhi alionja tambi za sukari kwa ncha ya kijiko, akazisifu sana, akaziacha. Kaimati hakuzigusa. Mama alikuwa jikoni tangu alfajiri, na kila alipotoka alimtazama dada kama mtu atazamavyo nguo aliyoifua mwenyewe ikachuja rangi.

Adhuhuri wanawake tulikaa jamvini kuzunguka sinia moja ya pilau. Kwetu kila mtu hula mbele yake, basi hapana pa kujificha: anayekula huacha bonde, asiyekula hubaki na kilima. Kilima cha dada kilisimama vilevile. Mama akamsogezea nyama ya ubavu, ile yenye mafuta. Dada akaisukuma taratibu upande wa shangazi. Mama akamsogezea nyingine. Nayo ikarudi.

"Huko hotelini walishwa upepo?" shangazi akauliza, mdomo umejaa. "Au wataka kupita kwenye tundu la sindano?"

Tulicheka. Mama hakucheka. Aliinuka, akaja na sahani ya kauri iliyotengwa kwa wageni, na uma na kijiko, akaviweka mbele ya dada.

"Kula, mwanangu. Sisi twala kwa mikono, nawe hujazoea tena."

Kumbe tangu asubuhi mama alikuwa na hofu nyingine kabisa: kwamba mwanawe ameanza kutuona kinyaa, sisi na vidole vyetu, na kwamba Watamu imeshamchukua.

"Wallahi sivyo, mama. Naogopa kunenepa tu. Kule nawaona wageni walivyo, nikijitazama kiooni najiona gunia."

"Kunenepa? Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Shangazi akajipiga paja. "Mwili huu nimeujenga kwa tui la nazi, mwaka baada ya mwaka! Nani huyo aje auite gunia?"

Safari hii mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya leso, na hata leo sijui kama yote yalikuwa ya kicheko.

Hofu ya dada nimekuja kuielewa baadaye, nami nimesimama mbele ya vioo vyangu. Lakini mama hakuwa na maneno ya kumwambia mtoto kwamba nyumba ilikuwa kimya bila yeye. Alikuwa na iliki, bizari na ubavu wa mbuzi. Nyama ile ilipokuwa ikirudi, yeye alisikia jibu.

Dada aliisukuma sahani ya kauri pembeni, akakunja mkono wa gauni, akala. Hakula kwa adabu. Alimaliza nyama, akaomba pilipili, kisha akauliza kama ukoko ungalipo chunguni.

"Ukoko una wenyewe," shangazi alisema.

"Mama, mwambie! Mimi nimetoka safari!"

Mama alikuwa ameshainuka, anatafuta upawa wa kuukwangulia.