Mikono ya Nanasi ya Bi Luz

Wenzangu wakisikia harufu ya udi hukumbuka harusi. Mimi hukumbuka hofu. Hata leo nikiwa ukumbini, nimejipamba kama watu, chetezo kikipitishwa na wanawake wakitanua mitandio yao wapate moshi, mimi huangalia makaa tu, nisubiri cheche. Mume wangu hunicheka. Nyinyi nawaomba msicheke kabla hamjasikia.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Mji wa Kale, ghorofani, katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, mimi na mama yangu, Bi Rukia. Mama alishona kofia za mkono, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kimetobolewa kisha kimezungushiwa uzi mpaka ukadhani kitambaa kilizaliwa nacho. Kofia moja ilimchukua miezi. Alijulikana hadi Majengo kwa kazi safi, na jina hilo ndilo lililotulisha.

Siku moja akaja Bi Luz. Alikuwa Mfilipino, mke wa mhandisi wa meli, naye mwenyewe msanii na fundi wa mavazi. Kiswahili chake alikiokota sokoni, kilikuwa kifupi kifupi lakini cha adabu. Alifungua karatasi laini akatoa mikono miwili ya gauni, mikono mitupu, gauni lenyewe halipo. Ilikuwa mipana, imesimama juu mabegani kama mabawa ya kipepeo, na myepesi hata mama alipouinua mmoja dirishani niliviona vidole vyake upande wa pili.

"Hii ya bibi yangu," alisema Bi Luz. "Alivaa harusi yake. Imefumwa kwa nanasi."

Nilidhani lugha imemponyoka. Kumbe kweli. Kwao nyuzi huchunwa kwenye majani ya nanasi, zikaungwa moja moja kwa vidole, ndipo zikafumwa. Alipogeuka kuongea na mama niliinama nikanusa. Hapakuwa na nanasi hata chembe, nami nilivunjika moyo sana.

Alitueleza kwamba mavazi hayo yalikaa masandukuni miaka mingi, vijana wakiyaona ya kizee. Sasa mafundi wapya wameyatoa, wengine wanayavalia suruali, wengine wanayatundika ukutani kama picha. Yeye alikuwa akishona gauni la kikoi cha hapa kwetu, alipachike mikono ya bibi yake, lioneshwe katika ukumbi mmoja karibu na Ngome ya Yesu. Kwenye ukingo wa mikono alitaka maua ya vitundu, kazi ile ile ya kofia.

"Kwetu pia tunatoboa," alisema. "Bibi yako na bibi yangu, labda walisoma darasa moja."

Mama alicheka, lakini hakukubali siku hiyo. Alisema kitambaa kinamtisha. Alipokubali, alikitia kwenye kabati la chumbani kwake na mimi nikapigwa marufuku kukigusa, hata nikiwa nimetoka kuoga.

Sasa, nyumbani kwetu nguo haikutoka bila kufukizwa. Kazi ikiisha, mama hupindua kapu la ukindu, akaweka chetezo chini yake na nguo juu, mpaka ikalewa udi. Kumkabidhi mtu kofia isiyonukia ilikuwa aibu, sawa na kumkaribisha mgeni halafu usimpe hata maji. Basi Jumatatu moja mama akaenda Majengo kutazama mgonjwa. Maua yalikuwa yamekwisha kushonwa, Bi Luz angekuja Alhamisi, na mimi nikaona nimfanyie mama hisani.

Nilipindua kapu. Niliwasha makaa. Nilitia udi mwingi kuliko mama, kwa kuwa Bi Luz alikuwa mgeni, nikatandaza mkono mmoja juu, nikakaa chini kuutazama, najiona mke wa mtu. Makaa yalikuwa na unyevu. Nilisikia mlio mdogo tu, kama mtu amevunja kijiti, na cheche moja ikapenya matundu ya kapu.

Kofia ya pamba ingeungua polepole. Kitambaa kile hakikungoja. Nilipouvuta mkono ule palikuwa na tundu la kiasi cha punje ya choroko, kingo zake za kahawia, juu kidogo ya maua ya mama.

Siwezi kuwaeleza vizuri hofu ile. Niliwaza jina la mama likitembea kichochoro kizima. Niliwaza yule bibi harusi wa mbali, nimemchoma begani. Nikaukunja mkono, tundu likaelekea ndani, nikaurudisha kabatini, nikamwaga majivu na kufungua madirisha yote. Ilikuwa kazi bure, maana udi hauondoki kwa kupepewa.

Usiku ule mama aliweka wali mbele yangu, akanitazama. "Mbona huli? Waumwa?"

"La, mama."

"Una neno la kun'ambia?"

"Sina."

Jumanne aliniuliza tena. Jumatano vilevile. Kila akifungua kabati nilijifanya nafagia. Nilimwomba Mungu alete mvua Bi Luz asitoke kwake, nikaomba homa, nikaomba hata mji wote uhame. Mwalimu wa madrasa alinisomesha aya moja mara nne nisiishike, akasema mtoto huyu amepatwa na jicho la hasidi.

Alhamisi, baada ya alasiri, Bi Luz alikuja. Mama alinituma nilete kahawa. Niliingia na sinia wakati mama anaikunjua ile mikono juu ya mkeka.

Tundu halikuwapo. Mahali pake palikuwa na ua dogo, peke yake, juu ya safu ya wenzake, na katikati ya ua kitundu kimezungushiwa uzi mweupe kama vingine vyote.

Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Ndipo mama akaweka kidole pale pale.

"Bi Luz, ua hili hukuniagiza. Nguo yako imeungulia kwangu, cheche ya udi. Kosa ni langu. Niwie radhi." Na mama yangu, ambaye wateja wazima walimwamkia kwa heshima, akainamisha kichwa.

Bi Luz alipitisha kidole kwenye lile ua mara mbili, macho yakamjaa maji. Mama akaomba radhi tena, sauti imeshuka. Mimi nilisimama na sinia. Maneno yalikuwa hapa, kwenye ulimi. Niliyameza.

"Bibi yangu angelia," alisema Bi Luz mwishowe. "Halafu angeuliza, umeshonaje?"

Mikono ile ilioneshwa, watu wakaisifu, na mimi ukumbini nilijificha nyuma ya buibui la mama nisilione lile ua. Nilijua nimenusurika, na kwa miaka mingi nilifikiri hadithi imeishia hapo.

Mwaka jana nilikuwa na mama nyumbani. Macho yake yamepungua, siku hizi mimi ndiye ninayemtilia uzi kwenye sindano. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo.

"Mama, ule mkono wa Bi Luz. Ni mimi."

Hakuinua hata uso. "Alhamdulillahi. Nilidhani utan'zika hujasema."

Tulicheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza, kama alijua tangu Jumatatu, mbona alikuwa akiniuliza na kuniuliza?

"N'litaka useme mwenyewe. Tundu halikun'tisha, mwanangu. Matundu ndiyo kazi yangu. Ulon'tisha ni wewe. Wan'ona n'meinama mbele ya mgeni kwa jambo lako, washika sinia, wanyamaza. N'kaogopa. N'kasema, mtoto huyu atakuja kuwa mtu gani?"

Siku zote zile nilidhani mwenye hofu mle nyumbani ni mimi peke yangu. Kumbe mama alikuwa na yake, kubwa kuliko yangu, na yangu iliisha Alhamisi ile ile, yake ikabaki.

Nilitaka kumjibu kwamba nimekuwa mtu mwema, asiwe na wasiwasi. Kisha nikakumbuka kwamba maneno mawili yamenichukua karibu miaka thelathini kuyatamka. Nikatia uzi kwenye sindano, nikampa.