Kochi la Magurudumu Mawili

Kimbunga halikuwa jina lake, lakini mtu akiitwa hivyo tangu ujana, hata mkewe huanza kulisahau lile la kwenye cheti. Alikuwa fundi saa, kazi ya kukaa kimya na kibano mkononi, na labda ndiyo maana kila Jumapili asubuhi alivaa koti la ngozi, akainamia pikipiki yake ya mbio mpaka kidevu kikakaribia tangi, akaenda zake na wenzake. Wazee watupu, lakini thubutu kuwaambia hivyo, utakiona cha mtema kuni! Desturi yao ilikuwa moja: mwenye kasi hutangulia, na mzembe hukaa mkiani na kuwanunulia wote chai. Kimbunga hakuwahi kununua chai.

Kisha vidole vikaanza kufa ganzi. Mwanzoni ilikuwa baada ya safari tu, halafu ikawa hata kazini. Siku alipoangusha skrubu ya saa ya mteja, akaipapasa mezani na asiihisi, akaenda hospitali. Daktari, mwanamke asiye na utani, alimkunja kiganja, akamgongagonga kifundo cha mkono, akasema, "Mzee wangu, huko kuinamia usukani kumekubana mishipa. Chagua, pikipiki hiyo au mikono yako."

Alichagua mikono. Ungetegemea alie kidogo, au amtukane mtu. Wapi! Alimkabidhi mnunuzi ufunguo, akaitazama pikipiki ikipinda kona, akaingia ndani, akala. Hakuhisi kitu. Miezi ile alikuwa hivyo kwa kila jambo, akiamka na kulala kama mtu anayetimiza zamu.

Isipokuwa jambo moja. Alimtaka mkewe nyuma yake. Mkewe, muuguzi aliyestaafu, aliwahi kupanda ile ya mbio walipokuwa wachumba, akiwa juu ya kipande cha sponji wanachokiita kiti, mpaka mgongo ukagoma. Tangu hapo Jumapili ikawa kila mtu na lwake. Sasa Kimbunga akanunua pikipiki pana, ya kukaa wima na kunyoosha miguu, yenye kiti cha nyuma kinene, egemeo na vishikio pande zote. Alikichagua kiti kile kwa ajili ya mkewe, na moyoni akasema wataanza upya.

Wenzake walipoiona walishika mbavu. "Lo! Umeleta kochi! Televisheni umeiacha wapi?" aliuliza dereva mstaafu wa lori, ambaye naye kiuno chake kilikuwa kibovu ila hasemi. Wakamweka mkiani. Kwenye taa nyekundu ya kwanza, mguu wake wa kulia uliozoea kukuta breki kule nyuma ukaitafuta kulekule, ukakanyaga hewa, kumbe kwenye kochi breki iko mbele kabisa. Akaibana ya mkono kwa pupa, na dude zima likamlalia ubavuni katikati ya barabara. Mazoea yana taabu. Walimwinua huku wakimcheka, na chai ikawa juu yake. Zamani angenuna mwezi mzima, lakini siku hiyo aliinywa tu, imepoa, wala hakujali.

Alichokijali kilikuwa Jumapili iliyofuata.

"Mama, twende basi," alimwambia mkewe. "Mpaka bwawani na kurudi."

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Akaitazama pikipiki kupitia dirishani, kisha akamtazama yeye. "Haya," alisema, kama aliyeambiwa akafunge geti.

Kimbunga aliendesha taratibu, akikwepa kila shimo kana kwamba amebeba mayai. Pikipiki ilikuwa nzito na tulivu kiasi kwamba hakuhisi kama kuna mtu nyuma. Ilimbidi aangalie kioo kuhakikisha yupo. Alikuwepo, ameegemea, akitazama nyumba za watu kama abiria ambaye kituo chake bado.

Bwawani alishuka bila hata kuguna.

"Umeonaje? Mgongo je?"

"Mgongo hausemi kitu. Kiti kizuri sana."

"Si nilijua!" Kimbunga alichangamka. "Basi kila Jumapili, mimi na wewe. Wale nawaacha na mbio zao."

Mkewe alivua kofia, akaweka nywele sawa. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Jumapili nina mambo yangu, baba. Nimeshayazoea."

"Lakini hii nimeinunua kwa ajili yako."

"Najua," alisema kwa upole. "Nilikuomba pikipiki kama hii wakati ule nilipokuwa bado nakungoja dirishani kila Jumapili. Ukanicheka."

Mkewe akavaa kofia yake, akapanda nyuma bila kusaidiwa, akaegemea, akangoja kurudishwa nyumbani.